Mbwa wa Profesa Pell

Kabla ya kufungua barua pepe zake, Ibidun alizoea kwanza kwenda kumtazama mbwa. Alikuwa mbwa mweusi, sikio moja limesimama na jingine limelala, kaketi ndani ya mtumbwi kando ya mzee aliyevaa buti za mpira. Nyuma yao palikuwa na ziwa na misonobari. Picha hiyo ilikaa juu kabisa ya ukurasa wa Profesa Pell, kwenye tovuti ya chuo kimoja cha Kanada, na chini yake kulikuwa na maneno ambayo Ibidun alikuwa ameyahifadhi kichwani kama sala: Profesa Pell anawakaribisha wanafunzi wapya wa uzamili wanaotaka kuchunguza ukijani unaoota katika maji ya kunywa.

Hakuna kitu duniani ambacho Ibidun alitaka kuchunguza zaidi ya ukijani unaoota katika maji ya kunywa. Alikuwa mpimaji wa maji katika idara ya maji ya serikali hapo Abeokuta, Naijeria, na kila mwaka, upepo mkavu wa harmatani ulipoingia na mto ukapungua, aliyaona maji ya bwawa yakigeuka rangi taratibu, kama supu ya mboga iliyolala. Aliandika taarifa. Mkuu wa maabara alizitia sahihi taarifa hizo na kuzipeleka mbele, na huko mbele zilikokwenda hazikurudi. Watu wa bondeni wakaugua matumbo, wakaambiwa wachemshe maji. Ibidun alijua kwamba sumu ya ukijani ule haiishi kwa kuchemshwa. Alikuwa amesoma jambo hilo kwa Profesa Pell mwenyewe, katika makala aliyoipakua wakati wa chakula cha mchana, kwa bando lake mwenyewe, ameiegemeza simu kwenye mtungi wa maji yaliyosafishwa.

Hivyo ndivyo safari yake ilivyoanza, safari ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Alisoma makala zote za mzee yule. Akatazama video za vijana wa Kinaijeria walioko ng'ambo, wamevaa makoti, wakieleza namna ya kumwandikia profesa: usimwite mheshimiwa mtukufu, usianze na habari za umaskini, mwonyeshe kwamba umesoma kazi yake. Akajua tofauti ya chuo kinachotoa ufadhili na chuo kinachotoa ahadi tu. Akajua mfuko mmoja uliolipia kila kitu, masomo, nyumba na nauli, kwa masharti mawili: uwe na barua ya profesa aliyekubali kukusimamia, na uwe hujatimiza miaka thelathini na mitano siku ya kufunga maombi.

Ibidun alikuwa na thelathini na minne. Maombi yalifungwa mwisho wa Novemba, naye alizaliwa Januari. Miaka iliyotangulia ilikuwa imeliwa na chuo chake cha zamani, ambako hati ya matokeo yake ilipotea, ikapatikana ikiwa na jina la mtu mwingine, ikapotea tena. Mwaka huu hati ilikuwa mkononi. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho.

Mtu mmoja tu alijua habari hizi, naye ni mama yake. Mama Ibidun aliuza mafuta ya mawese soko la Kuto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuweza kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara, lakini katika jambo hili sauti yake ilishuka hadi kuwa mnong'ono.

"Umemwambia nani?" aliuliza karibu kila jioni, huku akisonga eba, ugali wao wa muhogo.

"Sijamwambia mtu, mama."

"Hata yule Modinat wako?"

"Hata Modinat."

"Vizuri. Siku ukishafika, ukishakanyaga hiyo barafu, piga picha nitumie, ndipo mimi nitafungua mdomo. Watu wana macho, mwanangu. Humwoni Ayalandi?"

Ayalandi hakuwa nchi. Alikuwa Kolawole, fundi jenereta wa mtaa wa pili. Miaka kadhaa nyuma Kolawole alipata nafasi ya masomo Ayalandi, akatangaza mtaa mzima, akafanya sherehe ya kuaga, akachinja mbuzi, na mchungaji akaja kumwombea mbele za watu. Kisha viza ikakataliwa. Akaomba tena, ikakataliwa. Mara ya tatu hakusubiri hata barua, alirudi kwenye jenereta zake. Tangu hapo hakuna aliyemwita jina lake. "Ayalandi, plagi hii bado nzima?" "Ayalandi, huko kwenu mvua imenyesha?" Naye alijibu, kwa sababu alitaka kazi.

Basi kila mwenye mpango wa kuondoka aliufunika mpango wake kama anavyofunika chungu. Wanandoa walifichana. Ndugu waliachana uwanja wa ndege wakiwa wamejua habari asubuhi ile ile. Mama Ibidun alikwenda mbali zaidi: Jumapili moja aliichukua kompyuta ya binti yake, akaifunga kwenye kanga, akaipeleka kanisani kwa mchungaji kuipaka mafuta, na alipoulizwa na jirani amebeba nini akasema ni sahani. Mafuta yaliingia ndani. Vitufe vitatu vikawa vinanata mpaka leo.

Na Ibidun, aliyesomea sayansi, hakumcheka mama yake. Aliamini pia, kwa namna yake. Hakuamini uchawi hasa, ila aliamini kicheko. Alikuwa na mchumba, Gbenga, mwalimu wa hesabu, mtu mtulivu. Gbenga alitaka wapange siku ya harusi. Ibidun akasema ngoja kidogo. Gbenga akauliza tunangoja nini. Ibidun akageuza mazungumzo, kwa sababu alichokuwa anakingoja kilikuwa kwenye ziwa la misonobari, na mama yake Gbenga alikuwa na mdomo. Gbenga alingoja mwaka mmoja na nusu, kisha akaoa mwalimu wa jiografia. Kadi ya mwaliko ililetwa maabara na Modinat, ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Ukitaka niichome, nina kiberiti," alisema.

Huyo ndiye alikuwa Modinat. Meza zao ziligusana. Kwa miaka minane walikuwa wamekula pamoja wali wa ofada, mchele wa kienyeji, kutoka jani moja, wakagawana sabuni, dawa za kichwa na siri za kila aina. Modinat alimwambia mimba yake ya tatu ilipotoka kabla hajamwambia mumewe. Ibidun alimwambia uvimbe aliokuwa nao tumboni kabla hajamwambia mama yake. Wote wawili walikuwa na shahada moja, walipima bwawa moja, na wote wawili walilia harmatani ile mtoto wa mlinzi alipofariki kwa tumbo.

"Wewe na simu yako," Modinat alisema mara nyingi wakati wa mchana. "Unatafuta mume humo?"

"Natafuta, Mama Farida."

"Basi awe na jenereta. Na awe hana mama."

Wakacheka. Kisha Modinat naye akatoa simu yake, akageuza kiti kidogo, akasoma yake.

Kwenye Telegramu kulikuwa na kundi la maelfu ya watu waliokuwa wakitafuta kitu kile kile, na karibu wote walijiita majina ya bandia. Ibidun alijiita Jiwe. Humo ndani alijifunza mengi, lakini hakuwahi kutaja jina la Profesa Pell. Ungetajaje? Mzee yule alikuwa na nafasi moja au mbili kwa mwaka. Kumtaja ilikuwa kama kuwaonyesha watu elfu mlango ulioachwa wazi.

Barua yake ya kwanza kwa Pell aliiandika mwezi wa Mei. Alilipima kila neno kama anavyopima klorini. Alieleza bwawa, harmatani, supu ya mboga. Hakusema habari za mtoto wa mlinzi, kwa kuwa vijana wenye makoti walionya dhidi ya huzuni. Hakukuwa na jibu. Akaandika ya pili mwezi wa Julai. Kimya. Mwishoni mwa Agosti aliuliza kundini, bila jina la mtu wala chuo: profesa asipojibu, maana yake nini?

Majibu yalimiminika. Wengine walisema maprofesa hupata barua nyingi, mkumbushe. Wengine walisema wanapenda mtu mwenye subira. Na mmoja aliyejiita Kaskazini aliandika: "Usikae kumngoja. Mimi mwaka jana nilimwandikia wangu mara nne. Mwisho nikaandikia ofisi ya idara. Kumbe mzee ni mgonjwa, hachukui mtu tena, ni ukurasa wake tu haujaondolewa. Nilipoteza mwaka. Andika idarani leo."

Ibidun aliyasoma maneno yale mara mbili. Alimhurumia Kaskazini. Akamwekea alama ya uso unaolia. Kisha akaenda kumtazama mbwa, na mzee mwenye buti, na yale maneno ya kukaribisha, akaona kwamba mzee wake ana afya nzuri kabisa. Tena kuandikia idarani kungemfanya aonekane mtu asiye na subira. Akangoja.

Septemba alikwenda kuwaomba wahadhiri wawili wa zamani barua za kumdhamini. Mmoja alimuuliza, "Utaomba vyuo vingapi? Nisije nikaandika mpaka vidole vikaota sugu." Ibidun akasema kimoja tu. Hilo nalo lilimfaa. Vyuo vingi ni midomo mingi. Oktoba aliandika barua ya tatu. Kimya cha mzee kilikuwa kimekuwa kama chumba ambacho ameshazoea kuishi ndani yake.

Wiki ya mwisho ya Novemba, Jumatatu, alikubali kufuata ushauri wa Kaskazini. Aliiandikia ofisi ya idara mistari minne wakati Modinat amekwenda bwawani kuchukua sampuli. Alitarajia kungoja tena miezi. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana.

Mwandishi alikuwa karani, mwanamke mwenye adabu. Alimshukuru Ibidun kwa kupendezwa na idara yao. Alisikitika kumjulisha kwamba Profesa Pell aliugua kwa muda mrefu na alifariki mwezi wa Juni. Ukurasa wake ulikuwa bado haujarekebishwa, wanaomba radhi. Kuna maprofesa wengine wawili wanaofanya kazi inayokaribiana na hiyo, nao tayari wamekwisha kuchagua wanafunzi wa mwaka ujao. Ibidun anakaribishwa kuwaandikia mwaka unaofuata.

Mwaka unaofuata.

Modinat alirudi na kreti ya chupa, akamkuta rafiki yake amekaa mbele ya mashine ya kupimia uchafu wa maji, mikono juu ya mapaja, na mashine inalia kwamba imemaliza kupima na hakuna anayeizima. Aliizima.

"Ibi. Nani kafa?"

Swali hilo ndilo lililoufungua mdomo wa Ibidun, kwa kuwa lilikuwa swali la kweli.

"Profesa," alisema. "Huko Kanada. Nilikuwa namwomba anisimamie. Usiniulize kwa nini sikukwambia."

Modinat aliweka kreti chini. Chupa ziligongana.

"Kanada wapi?"

"Haina maana sasa."

"Ibi, profesa gani?"

"Anaitwa Pell. Anaitwa... aliitwa Pell."

Modinat aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Ibidun hakuwahi kuisikia kwake hata siku ya ile mimba. "Yule mwenye mbwa?"

Ibidun alimgeukia. "Wewe mbwa wake umemjuaje?"

Modinat alivuta kiti chake, akakaa, magoti yao yakagusana kama siku zote. Alitazama sakafu. "Mweusi," alisema. "Sikio moja limelala. Nilikuwa namwambia kila asubuhi, mbwa wewe, niombee kwa bwana wako."

"Lini?"

"Mwaka jana. Na mwaka juzi mwishoni. Niliandika mara nne. Mume wangu hajui. Mama yangu hajui. Nilimwambia mume wangu lile bando nanunua kwa ajili ya masomo ya Farida."

Mara nne. Ibidun aliusikia mstari ule ukijisoma wenyewe kichwani mwake, na hakutaka ufike mwisho.

"Kundini," alisema, "unajiita nani?"

"Kundi gani?" Modinat alianza, kwa mazoea tu, kisha akaacha. "Kaskazini."

"Mimi ni Jiwe."

Nje mtu wa pampu alikuwa akimtania mtu wa stoo kuhusu timu yake ya mpira, na kicheko chao kiliingia dirishani, kikatoka. Modinat aliweka mkono mdomoni.

"Nilikujibu," alisema. "Ya Rabi. Nilikujibu mwezi wa nane. Ulikuwa na nafasi bado. Ungewaandikia wale maprofesa wengine wawili wa idara ile."

"Niliona."

"Uliniwekea uso unaolia."

"Niliona ni mkosi wako wewe. Nilisema maskini huyu, profesa wake kaugua." Ibidun alijaribu kucheka na sauti ikatoka vibaya. "Kwa nini hukutaja jina lake?"

"Wewe ulitaja?"

Ibidun alitaka kukasirika, na kwa kweli hasira ilikuja, akaishika, akaigeuzageuza kutafuta mahali pa kuiweka. Hakumpata mtu. Modinat alinyamaza kwa sababu ile ile aliyonyamaza yeye. Mara ngapi walikuwa wameketi hapa, wamegeuziana migongo kidogo tu, kila mmoja na simu yake, mbwa mmoja akiwatazama wote wawili?

"Ningekwambia," Modinat alisema hatimaye, "ungecheka?"

"Nisingecheka."

"Najua. Sasa najua. Siku ile nilidhani utasema, huyu na watoto watatu anataka kwenda wapi."

"Na mimi nilidhani utasema, ndiyo maana Gbenga kaondoka."

"Hilo ningesema," alisema Modinat, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Ila ningesema baada ya kukusaidia."

Mchana ule hawakula. Wali ulibaki kwenye jani lake. Modinat alimuuliza kuhusu mfuko, masharti, tarehe, akitafuta upenyo. Alikuwa ameijua njia ile vizuri kuliko wengi. Alipofika kwenye umri akauliza, "Unatimiza lini?" Ibidun akamwambia. Modinat, ambaye alikuwa na thelathini na minane, ambaye kwa hesabu hiyo alikuwa amegonga milango mingine, ya kujilipia nusu, milango ambayo hata ikifunguka huwezi kuingia, hakuuliza tena.

Jioni Ibidun alikuta umeme umekatika na Kolawole amechuchumaa uani kwao, mikono imejaa grisi, jenereta ya mama imefunguliwa tumbo. Mama alikuwa ndani, akipika kwa mwanga wa tochi.

"Ayalandi," mama aliita kutoka jikoni, "utamaliza leo au nikutandikie mkeka?"

"Namaliza, mama. Ni plagi tu."

Ibidun alisimama mlangoni. Kwa miaka yote alikuwa amempita mtu huyu akimwita jina lile la nchi, bila ubaya, kama unavyoita mtu fundi au dereva. Sasa lilimkwama.

"Habari ya kazi, Kolawole," alisema.

Kolawole aliinua kichwa. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, spana ikiwa imeshikwa hewani. Kisha akatazama mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Wewe, yako ni nchi gani?"

Ibidun angeweza kujifanya hakuelewa.

"Kanada."

"Wamekataa?"

"Hata kukataa hawakukataa. Niliyekuwa namwandikia alikuwa amekufa."

Kolawole alilitafakari hilo. Alifuta plagi kwa kitambaa, akaitazama upande mmoja, akaitazama upande wa pili. "Utaomba tena?"

"Umri umeisha."

"Pole," alisema. "Pole sana, dada." Akaiingiza plagi mahali pake, akaikaza. "Kwangu angalau watu walikula mbuzi."

Kolawole alivuta kamba ya jenereta mara moja, mara ya pili. Haikuwaka.

"Nani anajua?" akauliza.

"Modinat. Na wewe."

"Mimi hukuniambia kitu," alisema Kolawole.

Mama alitokeza mlangoni na mwiko mkononi, amekunja uso kwa moshi. "Mnanong'ona nini nyie wawili?"

"Mafuta, mama," Kolawole alijibu. "Namwambia dada mnaweka mafuta machafu."

Mama alimsogelea binti yake, akamshika kiwiko, akamvuta ndani hatua mbili mpaka gizani, penye harufu ya mawese. Sauti yake ikashuka hadi kwenye ule mnong'ono.

"Wamejibu?"

Nyuma yao kamba ilivutwa tena. Ibidun aliangalia mkono wa mama yake juu ya mkono wake, mkono uliokuwa umebeba kompyuta ndani ya kanga ukasema ni sahani.

"Bado," alisema.

"Vizuri," alisema mama. "Usimwambie mtu."